Kabla ya Kulisifu Gari, Uliza Lilishindana Wapi

Vijana wakikaa kijiweni Lushoto mjini, ubishi wa magari haukosi. Mmoja anashikilia Subaru Impreza, mwingine Mitsubishi Evolution, wa tatu anakuja na Land Cruiser na kusema hayo mengine ni bati tupu. Hoja ni zilezile kila siku: nguvu za farasi, turbo, namba ya mwisho kwenye dashibodi. Ubishi huo hauishi kwa sababu swali lenyewe halijakamilika. Gari kali kwa mashindano yapi? Kwenye njia ya namna gani? Kwa umbali gani? Asiyejibu hayo matatu anaweza kulisifu gari mpaka jua lizame na asiwe amesema kitu.

Makala hii ni kwa mpenzi wa mbio za magari anayetaka kuzitazama kwa jicho la kujua, na zaidi ni kwa kijana anayeweka akiba anunue gari la kushindania. Mifano mingi nitaitoa Usambara. Sifanyi hivyo kwa kupenda kwetu tu. Milima hii iliwahi kuwapima madereva waliotoka pande zote za dunia, na majibu iliyotoa bado yanatufaa.

Mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yalianzishwa mashindano ya magari yaliyozunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yakaitwa East African Safari Rally. Kwa miaka mingi yalifanyika wikiendi ya Pasaka, yaani katikati ya masika, na yalipoingia upande wetu Usambara ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizowanyima madereva usingizi. Sababu anazijua kila mtu aliyepanda huku mwezi wa Aprili: kona zisizokwisha, ukungu unaoficha kingo za barabara, na udongo mwekundu unaoteleza ukilowa.

Sasa tazama hesabu. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza 7 tena. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki na msoma ramani wake Paddy Cliff, wakiwa kwenye Peugeot 404. Katikati ya miaka hiyo, 1966 na 1967, alishinda Bert Shankland, dereva aliyeishi Dar es Salaam, akiwa na Chris Rothwell. Gari? Peugeot 404 vilevile. Wazee wetu wanaikumbuka 404 kama gari la familia, la daktari, la mwalimu mkuu, na la abiria. Injini yake ilikuwa ya sentimita za ujazo 1,618 na nguvu zake hazikufika farasi 100. Kwenye karatasi lilikuwa gari la kawaida kabisa. Lakini Safari ya zamani haikuuliza nani ana mbio kuliko wenzake kwa dakika tano. Iliuliza nani atavuka maelfu ya kilometa za mashimo, mito na tope, usiku na mchana, na kufika kila kituo kwa kuchelewa kidogo kuliko wenzake. Kwa swali hilo, gari lililokaa juu, lenye springi laini zenye kwenda mbali, na ambalo fundi yeyote wa njiani angeweza kulishika, lilikuwa jibu sahihi.

Wapo watakaosema hayo ni ya kale. Basi tuje mbele. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Audi Quattro ilibadilisha mbio za magari duniani kwa kuendesha magurudumu yote manne. Barafuni, kwenye kokoto na kwenye lami iliyolowa iliwaacha wengine wakishangaa. Lakini Safari ya 1984, 1985 na 1986 ilitwaliwa na Toyota Celica ya turbo, gari lililosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Audi haikuwa gari baya. Ilikuwa imeulizwa swali tofauti. Porsche 911 nayo, pamoja na sifa zake zote, ilikuja Safari mara kadhaa, na mwaka 1974 Björn Waldegård alimaliza wa pili nayo nyuma ya Joginder Singh wa Kenya aliyekuwa kwenye Mitsubishi Lancer ndogo ya lita 1.6.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio ninaouthamini kuliko yote utakayosoma hapa, ni huu: kabla hujafungua boneti, fungua kitabu cha kanuni. Tafuta mashindano hayo yanahesabu nini. Safari ya zamani ilihesabu dakika za kuchelewa vituoni. Rali ya leo inahesabu sekunde na sehemu ya kumi ya sekunde kwenye hatua maalumu zilizofungwa. Mbio za uwanjani zinamtazama anayevuka mstari kwanza. Kule Kenya kuna Rhino Charge, mashindano ya magari ya porini yaliyoanza 1989 kuchangia ulinzi wa msitu wa Aberdare. Huko kasi haina maana kabisa: washindani wanapewa saa 10 kufikia vituo 13, na mshindi ni aliyetembea umbali mfupi kuliko wote. Kwa maneno mengine, anashinda aliyethubutu kukata moja kwa moja kwenye makorongo na mawe ambako wenzake walizunguka. Lilete gari la uwanjani kwenye shindano hilo na halitavuka hata korongo la kwanza.

Kanuni huamua hata pale magari yanapolingana. Mwaka 1973 Shekhar Mehta na Harry Källström, wote wakiendesha Datsun, walimaliza Safari wakiwa na alama sawa. Ushindi akapewa Mehta kwa sababu alikuwa ameenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Anayelipima gari bila kujua kanuni kama hiyo anapima nusu ya jambo.

Ukishajua kinachohesabiwa, ndipo uende kwenye gari. Hapa ndipo barabara ya Mombo hadi Lushoto inapokuwa mwalimu. Ni kama kilometa 33, na katika urefu huo unapanda takribani mita 1,000, kutoka joto la bondeni kwenye katani hadi baridi ya mjini kwenye mita kama 1,400 juu ya bahari. Sehemu kali iko kati ya Mombo na Soni, mlima upande mmoja na korongo upande wa pili. Niseme mapema na niseme wazi: hiyo ni barabara ya watu. Ina mabasi, Fuso za mboga zinazowahi soko la Dar es Salaam, bodaboda zenye abiria wawili, na watoto wanaokwenda shule. Hakuna hata kimoja ninachokueleza hapa kinachohitaji kuvunja sheria ya mwendo. Gari linasema mengi kwa mwendo wa kawaida kama unajua kulisikiliza.

Anza na kupanda. Kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyopungua uzito, na injini isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100. Maana yake ni kwamba gari la farasi 150 kule Tanga mjini, likifika Lushoto limebaki na kama 130. Naivasha, ambako Safari ya ubingwa wa dunia inafanyika tangu iliporudi mwaka 2021, ni juu zaidi, karibu mita 1,900. Turbo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo kwa kuisukumia injini hewa. Kwa hiyo magari mawili yanayolingana pwani yanaweza yasilingane mlimani, na anayenunua gari kwa kulijaribu Dar es Salaam ili akashindane Iringa au Usambara anajidanganya. Jambo hili linajulikana sana huko Pikes Peak, Marekani, kwenye shindano la kupanda mlima lenye urefu wa karibu kilometa 20, kona 156, linaloishia mita 4,302 juu ya bahari. Rekodi ya huko iliwekwa mwaka 2018 na Romain Dumas kwa dakika 7 na sekunde 57, akiwa na Volkswagen inayotumia umeme. Mota ya umeme haivuti hewa, basi kule juu haikupoteza nguvu kama injini za petroli.

Lakini nguvu peke yake haipandishi gari. Gawanya uzito wa gari kwa nguvu zake. Gari la kilo 1,200 lenye farasi 200 linabebesha kila farasi kilo 6. Gari la kilo 2,000 lenye farasi 280 linabebesha kila farasi kilo 7 na zaidi. Anayetazama namba ya farasi tu atachagua la pili. Mlima utachagua la kwanza. Ndiyo maana waandaaji wa kimataifa wanaweka uzito wa chini: magari ya daraja la Rally2, ambayo ndiyo unayoyaona mbele kwenye ubingwa wa Afrika, hayaruhusiwi kuwa chini ya kilo 1,230. Unapolipima gari lako, usitumie uzito wa kwenye broshua. Mweke dereva, msoma ramani, tairi ya akiba, jeki, vyuma vya kulinda kichwa, na mafuta ya safari nzima.

Kisha sikiliza gia. Kwenye kona kali ya kupanda gari linapungua mwendo, na linapotoka ndipo ukweli unapojulikana. Je, gia ya pili inalivuta mara moja, au injini inagugumia huku ya kwanza ikipiga kelele bila kwenda? Gari lenye pengo kubwa kati ya gia litapoteza muda kwenye kila kona, na kona za huku hazihesabiki. Mimi nipewe injini ndogo yenye gia zilizopangika, nitaichukua kabla ya injini kubwa inayovuta juu tu ya mizunguko elfu tano.

Fika juu, simama mahali pa usalama, acha injini ikitembea, na tazama mshale wa joto. Gari zima linaonyesha joto lake muda mfupi baada ya kusimama, pale upepo unapoacha kupita kwenye rejeta. Mshale ukipanda na kukaa juu, una kazi ya rejeta, feni au mfuniko wake kabla ya kufikiria mashindano. Kumbuka pia kwamba kwenye mita 1,400 maji yasiyo na shinikizo huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, hivyo mfuniko wa rejeta uliolegea, ambao pwani ulikuwa unakuvumilia, huku hautakuvumilia.

Sasa tushuke, na hapa nitakaa zaidi kwa sababu hapa ndipo watu wengi hawapimi kabisa. Kila mtu hulijaribu gari kwa kupanda. Lakini mashindano mengi hupotelea kwenye kushuka, na maisha pia.

Gari la kilo 1,500 likishuka mita 1,000 linatoa nishati inayotosha kuchemsha zaidi ya lita 40 za maji ya kawaida. Joto hilo lazima liende mahali. Sehemu moja inachukuliwa na upepo, nyingine na injini kama umeweka gia ndogo, na inayobaki yote inaingia kwenye breki. Dereva aliyezoea tambarare anashuka kwa gia kubwa, mguu juu ya breki muda wote, na akikaribia Mombo analalamika kwamba breki zimekwisha. Breki hazikwisha. Zilipewa mzigo usio wao.

Jifunze kutofautisha aina mbili za kuchoka kwa breki, kwa sababu dawa zake ni tofauti. Ukikanyaga pedali na inazama kuelekea sakafuni kama sifongo, mafuta ya breki yamechemka na kuna mvuke ndani ya mabomba. Ukikanyaga na pedali ni ngumu kama kawaida lakini gari halipungui mwendo, pedi zimepita kiwango chao cha joto na zimepoteza mshiko. La kwanza linatibiwa kwa kubadilisha mafuta ya breki. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa: yale ya DOT 4 yakiwa mapya huchemka si chini ya nyuzi 230, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Kwenye nchi ya ukungu kama yetu, gari ambalo halijabadilishiwa mafuta ya breki kwa miaka lisipelekwe kwenye shindano lolote, hata liwe na injini ya ajabu. La pili linatibiwa kwa pedi za daraja la juu na, muhimu zaidi, kwa njia za hewa za kupooza diski.

Kipimo changu cha kushuka ni rahisi. Shuka kwa gia ndogo na mwendo wa kawaida, kwenye sehemu ileile kila mara. Ukifika chini, simama, usivute breki ya mkono, na tumia kipimajoto cha kuelekezea, kile cha mwanga mwekundu kinachouzwa madukani kwa bei nafuu. Pima magurudumu yote manne na uandike. La mbele kulia na la mbele kushoto yakipishana sana, upande mmoja unafanya kazi ya pande mbili, na siku ya mashindano gari litavuta upande huo kwenye kona. Hakuna hotuba ya muuzaji inayoweza kupingana na namba hizo nne.

Baada ya lami kuna udongo. Njia za vijijini, kuelekea Mtae ukingoni mwa milima au upande wa Bumbuli, zikinyeshewa hugeuka kuwa kitu kingine kabisa. Hapa farasi wengi ni hasara, kwa sababu magurudumu yanazunguka bila gari kwenda. Tazama mambo matatu. Tairi kwanza: kwenye tope tairi nyembamba yenye meno marefu na nafasi kati ya meno huchimba ikafika kwenye udongo mgumu, wakati tairi pana iliyopendeza mjini inaelea juu na kuteleza. Pili difu: gari lenye difu ya kawaida likipoteza mshiko gurudumu moja, nguvu yote inakimbilia gurudumu hilo hilo linalozunguka bure, hata kama unaambiwa ni la magurudumu manne. Muulize fundi kama difu zinajifunga, na zote mbili au moja. Tatu, nafasi ya chini. Chukua tepu, waweke watu wawili ndani na mzigo, kisha pima kutoka ardhini hadi sehemu ya chini kabisa, ambayo mara nyingi ni sampu au bomba la moshi. Namba ya kwenye broshua ilipimwa gari likiwa tupu.

Shokapu zinataka muda wao. Shokapu nzuri kwa dakika kumi si lazima iwe nzuri kwa saa mbili, kwa sababu mafuta yaliyo ndani hupata moto na kulainika. Pita njia mbovu kwa muda mrefu, kisha linganisha jinsi gari linavyotua kwenye shimo la mwisho na lilivyotua kwenye la kwanza. Likianza kuruka mara mbili au tatu kabla ya kutulia, limechoka.

Hapa ndipo tunapofikia kipimo ninachokiamini kuliko spidi ya mwisho: kutobadilika. Chukua mfano wa magari mawili kwenye njia ileile iliyofungwa, mizunguko minne. La kwanza linatumia dakika 4 na sekunde 10, kisha 4:12, 4:11 na 4:13. La pili linaanza kwa kishindo, 4:02, kisha 4:05, halafu 4:19 na 4:31. Kijiweni watazungumzia zile 4:02 mwezi mzima. Jumlisha: la kwanza limetumia dakika 16 na sekunde 46, la pili 16 na 57. La pili lina mzunguko wa kasi kuliko yote na limeshindwa. Lakini kosa si la kulitupa gari hilo. Namba zake zinakwambia pa kutafuta: kitu fulani kinapata moto baada ya mzunguko wa pili, na kazi yako ni kujua ni breki, tairi, injini au dereva mwenyewe.

Dereva naye apimwe mbali na gari. Njia pekee ya haki ni kubadilishana: dereva mmoja aendeshe magari yote mawili, na madereva wote wawili waendeshe gari moja, siku moja, kwa tairi za hali moja. Joginder Singh alishinda Safari ya 1965 akiwa na Volvo PV544 iliyokwisha tumika, na akashinda tena 1974 na 1976 akiwa na Mitsubishi. Ukiona jina moja juu ya magari tofauti, mpe sifa mtu. Ukiona gari moja likishinda mikononi mwa watu tofauti, kama 404 kwa Nowicki na kwa Shankland, lipe sifa gari. Toyota ilipochukua nafasi nne za kwanza Safari ya 2022, kila moja ikiwa na dereva wake, hapakuwa tena na haja ya kubishana kuhusu gari bora kwa vumbi la Naivasha mwaka huo.

Mashindano mengine nayapitia haraka. Mbio za mstari ulionyooka, za mita 402, zinataka nguvu, mshiko wa kuondoka, na klachi au gia zisizovunjika. Breki na kona hazimo kwenye mtihani, kwa hiyo usichukue matokeo yake kuwa ushahidi wa rali. Autokrosi, ile ya uwanja mfupi wa vumbi, inapenda gari jepesi, fupi, linalogeuka upesi, na ndiyo mahali pazuri pa kuanzia kwa mwenye fedha kidogo. Mbio za uwanja wa lami hutaka tairi na mgandamizo wa hewa unaolibana gari chini. Gari la Formula 1 ni maajabu kwenye lami, na kwenye njia ya Mtae lisingetembea mita mia. Mbio za saa 24 za Le Mans ziko karibu zaidi na roho ya Safari ya zamani. Mwaka 2016 Toyota iliongoza hapo mpaka dakika za mwisho kabisa, gari likapoteza nguvu mbele ya mstari, na ushindi ukaenda kwa Porsche. Karibu saa 24 za mbio, na jina halikuandikwa.

Ukiwa mtazamaji, usisimame mahali gari linapopita kwa kasi kubwa. Hapo utaona rangi tu. Panda sehemu ya juu, upande wa ndani wa kona, mbali na njia ambayo gari likishindwa litaelekea. Funga macho ikibidi. Sikiliza ni wapi dereva anaachia mafuta na ni wapi anayarudisha. Gari linalokubali mafuta mapema, kona ikiwa haijaisha, lina mshiko na springi nzuri. Linalosubiri mpaka linyooke lina tatizo, hata likipiga kelele kiasi gani. Pima kwa saa ya simu muda kutoka kona hadi kona na uandike kwenye daftari. Baada ya magari kumi utakuwa unajua jambo ambalo jirani yako anayepiga kelele halijui.

Kwa mnunuzi, kuna kipimo kimoja ambacho hakimo kwenye kitabu chochote cha kanuni: spea. Kabla hujalipa, tembea madukani Tanga, Korogwe na Dar es Salaam na uulizie bushi, bolijointi, klachi na shafti za gari hilo, bei yake na siku za kusubiri. Gari linalosubiri shafti kutoka Japani kwa miezi miwili lina kasi sifuri kwa miezi miwili. Bajeti yako igawe mapema: usitumie yote kwenye gari, kwa sababu tairi, breki, mkanda wa mashindano, kofia na vyuma vya kulinda kichwa si mapambo. Kama fedha zinatosha injini au breki, nunua breki.

Nina ombi kwa wasimamizi wa michezo hii, Chama cha Magari Tanzania na vilabu vya mkoa wa Tanga, na kwa viongozi wa Lushoto na Korogwe. Fikirieni shindano la kupanda mlima hapa kwetu, siku moja ya mwaka, barabara ikiwa imefungwa kwa tangazo la mapema, polisi na gari la wagonjwa wakiwepo, gari moja moja likipanda kwa saa. Wageni watalala Lushoto na Soni, vijana watapata pa kujifunzia ufundi, na ubishi wa kijiweni utapata jibu la namba. Na wewe kijana, mpaka siku hiyo ifike, usiigeuze barabara ya Mombo kuwa uwanja. Jiunge na klabu, anza na autokrosi, na uende na daftari.